Fomu ya Kodi Ndani ya Sanduku la Marehemu

Nilikuwa na miezi mitatu mizima ya kujaza ritani yangu ya kodi ya mapato, na sikuijaza. Nianzie hapo, maana watu husema msiba ndio ulionichelewesha, nami nimechoka kuitikia.

Chumba changu cha ushonaji kiko mtaa wa Hai Malakal, cherehani mbili tu. Moja yangu, ya pili ya mama mmoja Mganda mwenye watoto watatu wanaosoma kwao. Tulishona pamoja miaka saba. Mwaka huo kazi ilidorora, tukabaki kubadilisha zipu na kupunguza suruali. Kisha hospitali moja ikatangaza tenda ya mashuka na nguo za wauguzi. Kazi ya mwaka mzima! Mwenzangu aliniambia bila kuzunguka: "Dada, mimi nangoja hii tenda tu. Ikikataa, mimi naenda nyumbani."

Tenda ilitaka barua ya ofisi ya kodi, na barua haitoki bila ritani. Risiti nilikuwa nazo zote. Mume wangu ndiye aliyeniletea fomu, na kila jioni aliuliza, "Umejaza?" Namjibu, "Bukra." Kesho, kesho, kila siku kesho. Nilikulia ukimbizini, nimejaza fomu za chakula, za shule, za kuhesabiwa; nikiona fomu, mwili wote unakataa. Paa lilipoanza kuvuja nikaitia fomu pamoja na risiti kwenye sanduku la bati la mume wangu, zisilowe.

Halafu akafa. Malaria, siku nne tu.

Kwetu sanduku la marehemu halifunguliwi mpaka ndugu zake wakusanyike siku ya karama, yaani karamu ya kumaliza matanga, wasali, wale, ndipo nguo zake zigawanywe. Kaka yake mkubwa alikuwa anatoka Yei, na barabara ilikuwa matope matupu. Nikamwomba shemeji mdogo anifungulie nitoe karatasi zangu tu. Akanitazama vibaya. "Shemeji, kaburi halijakauka, wewe unatafuta karatasi?" Niliona aibu mpaka nikatamani ardhi inimeze. Nikarudi kwenye mkeka, nikakaa na wafiwa wenzangu, ufunguo uko shingoni mwa mama mkwe, na siku ya mwisho ya kodi ikapita hivyo hivyo.

Karama ilipoisha nilibeba risiti zangu hadi ofisi ya kodi. Karani, mzee mpole, alinipa pole, akazipanga moja moja. Akasema kuna faini, na barua itachukua wiki kadhaa. Tenda ilikuwa inafungwa Ijumaa hiyo. Haki ya Mungu, nilimpigia kelele mpaka foleni nzima ikageuka. Kwani nyinyi hamfiwi? Hamna mioyo?

Alingoja nimalize. "Mama, ungekuja kabla ya siku ile, mikono mitupu, useme tu umefiwa, ningekuandikia nyongeza ya muda. Fomu ninazo hapa." Akavuta droo. Zilikuwa zimejaa tele.

Kumbe sanduku halikunizuia chochote. Nilikuwa nimejifungia mwenyewe, tangu zamani, mume wangu yuko hai na ananiuliza.

Mwenzangu hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alifunga mkasi wake kwenye kitambaa, akanikumbatia, nikamsindikiza hadi kwenye basi la kwenda Nimule, mpakani, avuke kurudi kwao.

Mwaka huu nilikwenda wiki ya kwanza kabisa, foleni hakuna. Nilijaza yote kwa kalamu, polepole. Palipoulizwa hali ya ndoa nikaandika mjane. Palipoulizwa idadi ya wafanyakazi nikaandika sifuri. Karani akasoma, akagonga muhuri, akatabasamu.

"Safi sana, Mama," akasema. "Safari hii umewahi."