Kuni Ambazo Hazimo katika Marko

Nilirudi kijijini kwetu Iguguno na stashahada ya biashara niliyojisomesha mwenyewe kwa kubeba zege, na leo mashine yangu ya kukamua alizeti inahudumia vijiji vinne. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Jumuiya yetu ya sala ilikuwa inasoma Injili ya Marko, kila Alhamisi asubuhi, kwa zamu katika nyumba za wanajumuiya. Nikanunua mjini kitabu cha ufafanuzi, nikakimaliza kwa siku tatu. Nilijua Marko aliandika kwa nini, na aliwaandikia akina nani.

Jumuiya ina utaratibu wake. Habari ikishasomwa, kila mtu anasema kilichomgusa, na hakuna anayemjibu. Ukiwa huna neno, unasema "napita". Mimi niliuona kuwa ni utaratibu wa watu wasiosoma.

Siku moja ikasomwa habari ya mwanamke aliyetokwa damu miaka mingi, akaligusa vazi la Yesu katikati ya msongamano. Zamu ikamfikia bibi mmoja jirani yetu, mjane, asiyejua kusoma.

"Mimi namwona ametoka kuokota kuni," alisema. "Amepita njia ya peke yake, saa sita, jua kali, wenzake wameshapumzika. Ndipo akasikia watu."

"Bibi," nikamkatiza, "kuni ziko wapi kwenye Marko? Nionyeshe mstari." Nikampa Biblia.

Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Leo tumepata padri bila kanzu." Nikapata nguvu, nikaeleza robo saa nzima kwamba lengo la Injili hii ni kuonyesha Yesu ni nani. Bibi alikuwa ameishika ile Biblia ikiwa kichwa chini.

Ninachoona aibu kukiandika ni hiki: nilijua. Mama aliwahi kunisimulia kwamba bibi huyo, enzi za ujana wake, aliugua ugonjwa kama ule, wanawake wenzake wakakataa kuongozana naye porini, ndiyo maana alikwenda kuokota kuni saa sita. Nililikumbuka hilo mkono wangu ukiwa tayari umenyooka na Biblia. Sikuurudisha.

Alhamisi tatu zilizofuata alikuja, na kila zamu yake ilipofika alisema, "Napita." Nikamfuata nyumbani. Alikuwa anapiga vichwa vya alizeti kwa fimbo juu ya turubai.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwalimu. Umekuja kunisahihisha hata kwenye alizeti?"

Nikamwomba radhi. Hakuacha kupiga.

"Uliniaibisha mbele ya watu," alisema. "Hapa nani anakusikia? Kuku?"

Alhamisi ya wiki hiyo zamu ya kupokea jumuiya ilikuwa yangu. Nikasimama sebuleni kwangu, kwenye vigae nilivyoviagiza Dodoma, nikasema, "Kama kuna mtu nilimkwaza, anisamehe." Mwenyekiti wa jumuiya akatazama chini. Mimi mwenyewe niliisikia ile "kama" ikitoka.

Zamu ilipomfikia bibi, akasema tena, "Napita."

Nilirudia Marko bila kile kitabu cha ufafanuzi. Wanaotembea na Yesu kila siku ndio wanaobishana nani mkubwa, na hawamwelewi. Mwanamke asiye hata na jina anasimamishiwa msafara, mtu mkubwa mwenye binti mgonjwa akisubiri, mpaka aseme habari yake yote. Yesu alimwacha amalize. Nilikuwa nimehubiri Yesu ni nani, nikamziba mdomo mtu wa aina ile ile ambaye Yesu alimsikiliza.

Alhamisi iliyofuata nilisimama kabla ya somo.

"Bibi, ulikuwa unasema habari yako mwenyewe, na nilijua ni yako. Nilikukatiza ili nionekane msomi. Nisamehe."



"Nimekusikia," akasema. "Sasa keti, watu wasome."

Somo likasomwa. Zamu ikazunguka, ikamfikia. Akafungua kinywa, akanitazama, akakifunga. Kisha akamgusa jirani yake begani, zamu ikasonga.