Hatuna Mpinzani

Mama mdogo alikuwa mkaguzi wa chipu, vile vipande vidogo vinavyoiambia mashine ya kufulia lini izunguke na lini itulie. Kutwa aliinamia hadubini akitenga vibovu. Kiwandani walimwita Jicho. Nyumbani alitafuta miwani huku ameivaa, lakini hayo ni ya kwetu.

Kisha baba mdogo akapooza upande wa kulia. Jirani aliyekuwa akimlisha mchana akahama, na kiwanda cha mama mdogo kilikuwa ng'ambo ya pili ya mji. Kiwanda cha chipu za magari, kwa upande mwingine, kilitazamana na mlango wao. Akaomba kazi huko, akapata.

Bosi wake akamwita ofisini. Yule bwana simpendi hadi leo, niseme tu ukweli. Alimkumbusha kwamba alitia sahihi: anayeacha kazi haruhusiwi kwenda kwa mpinzani mpaka mwaka upite.

"Lakini bosi, wale wanauzia wenye magari. Sisi wenye nguo chafu."

"Chipu ni chipu, mama. Ukienda, tutaonana mahakamani."

"Tulipoomba mshahara kama wao, ulisema tusijilinganishe nao. Kila mtu na soko lake, ulisema."

"Yale yalikuwa ya mshahara."

Mama mdogo si mtu wa kupandisha sauti. Alimfikiria mumewe kitandani, sahani iko mezani na mkono haufiki, akajisikia kulia. Hakulia. Akatazama nje dirishani. Juu ya geti, kwa herufi nyekundu ndefu kuliko mlinzi, lilining'inia bango alilolitundika bosi mwenyewe: HATUNA MPINZANI.

"Na lile?" akauliza.

"Lile ni la wateja."

"Basi lishushwe. Maana mpinzani ambaye hayupo, mimi nitamwendeaje?"

Bosi akakohoa kikohozi cha mtu asiye na mafua. Wanunuzi wakubwa walikuwa njiani kuja kukitembelea kiwanda. Akaliangalia bango, akamwangalia mama mdogo, kisha akasema aende zake salama. Bango lipo hadi leo, limepauka kidogo.

Siku hizi, saa ya chakula, mama mdogo anavuka barabara na kuingia ndani bila kuvua koti la kazi. Baba mdogo, mdomo bado umepinda, anamsikia mlangoni.

"Mpinzani kaja?"

"Kaja. Fungua mdomo."