Mpisheni Mama Mwenye Kiti

Jumatatu pale Kamanga tulikuwa tunasukumana kuingia kivukoni kwenda mjini, nami nikiwa mbele kama kawaida yangu. Mfanyakazi wa kivuko akaona kile kiti cha magurudumu kwa mbali, akapaza sauti: "Mpisheni mama mwenye mtoto!"

Tukapisha. Sisi hatumpishi hata padri, lakini huyu mama tunamjua. Kila Jumatatu humpeleka mwanawe shule ya watoto wenye ulemavu huko Ilemela, ambako walimu ndio waliomfundisha mama huyo kumlisha mtoto kwa mpira wa puani.

Kiti kilikuwa kitupu.

"Mtoto yuko wapi leo, mama?" mfanyakazi akauliza.

"Tulimzika Alhamisi, kaka. Narudisha kiti shuleni. Mwalimu anasema kuna mwenzake hana."

Yule kaka akavua kofia. Hakuna aliyesukuma tena. Kumbe foleni tunaiweza, ndugu zangu. Imetugharimu mtoto tu.

Mama akafika kwenye bati la kupandia, pale penye kigongo kinachotikisa magurudumu. Akainua magurudumu ya mbele, akayashusha taratibu upande wa pili, akakiinamia kiti.

"Pole, baba," akasema.