Adhana Iliyochelewa Sebuleni

Kisa hiki nilihadithiwa na shangazi yangu wa Mji wa Kale, Ramadhani iliyopita. Mwanawe alikuwa ameachana na runinga ya kebo na kumletea kisanduku cha kutazama runinga kwa intaneti. Alfajiri, runinga ikivuma, shangazi alikuwa akinywa maji ya daku huku akingoja adhana ya stesheni yetu ya hapa. Jirani akamwona dirishani.

"Mwenzangu, wanywa maji na msikiti ushaadhini?"

"Runinga yangu bado!"

Mwanawe, aliyekuwa akila daku naye, akacheka. "Mama, ya intaneti huchelewa kidogo tu."

"Kidogo? Na saumu yangu?"

Siku ile ameshailipa. Lakini tangu hapo hata taarifa ya habari huitazama kwa jicho la pembeni, akiuliza ni nani anayeichelewesha, na kwa nini. Shangazi, mwanawe na jirani wote wangali hai, na wakati wa daku anayeaminiwa ni jirani, si runinga.