Keki Haikati Kona

Kazi yangu ni kuoka keki, na hasira yangu iko karibu. Wateja wananivumilia kwa sababu ya keki. Lakini ile ya kwanza niliyowaokea wakwe zangu haikuliwa na mtu. Niliipeleka ukumbini kwa pikipiki siku ya sherehe yao, nimekaa upande kama inavyompasa mke wa mtu hapa Dilala: miguu yote kushoto, magoti pamoja, keki mapajani. Karibu na lango dereva alikata kona ya kulia, na keki ikaniaga. Ilianguka kwenye vumbi jekundu, wageni wakitazama. Mama mkwe alisema, "Bon, tutakula bukari," yaani haya basi, tutakula ugali wa kila siku, na watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Kwa miaka mitatu hakuitaja tena, na kimya hicho kiliniuma kuliko kicheko. Kisha binti yake wa mwisho akachumbiwa. Mama mkwe akaja hadi mlango wa jiko langu, akasema, "Keki njo yako tena," yaani mwokaji ni mimi, akaondoka. Sikujua kama ni msamaha au mtego. Nilichojua ni kwamba hakutakuwa na mara ya tatu.

Gari pekee la ukoo lilikuwa la bibi harusi. Kwa miguu, krimu ingeyeyuka njiani. Nikamtafuta dereva yuleyule, nikaanza kwa kumgombeza.

"Mama, usinikasirikie," alisema, akiigonga pikipiki yake, ambayo hapa tunaiita moto. "Moto njo inakata kona. Keki ye iko naenda tu mbele, na njia yake ya zamani."

Nikaamua kujionea mwenyewe. Basi wiki nzima tulizunguka mitaa yetu kwa pikipiki, sufuria ya maji mapajani pangu, majirani wakiuliza kama nimechanganyikiwa. Akifunga breki, maji yalikimbilia mgongo wake. Akiongeza mwendo ghafla, yalirudi nyuma. Kona ya kushoto iliyaleta tumboni kwangu, na hayo niliyaweza. Kona ya kulia ndiyo iliyokuwa adui: maji yalitoka mbele ya magoti, ambako hakuna kitu ila barabara. Nikapendekeza siku ya harusi tupite kona za kushoto peke yake.

Alicheka mpaka akasimamisha pikipiki. "Mama, tutafika mpaka Mutoshi kule mbali, na harusi itakuwa imeisha! Kaa tu sawa mwanaume. Keki ikae katikati ya mugongo yangu na tumbo yako, mikono huku na huku. Itaenda wapi?"

"Nipanue miguu kama mwanaume mbele ya wakwe zangu? Huna adabu!" Nilishuka, nikarudi nyumbani kwa miguu na sufuria yangu, nimelowa hadi viatu.

Siku ya harusi nilitoka na keki ya ngazi tatu, nyeupe, na sijawahi kuoka nyingine nzuri kama ile. Dereva alikuwa akingoja, haniangalii usoni. Nikatazama kiti cha pikipiki, nikatazama keki. Nikapandisha kitenge changu hadi juu ya magoti, nikakaa kama mwanaume.

Njia nzima keki ilikuwa na mawazo yake. Kona ya kulia iliegemea mkono wangu wa kushoto. Kona ya kushoto, wa kulia. Kila iliponisukuma nami niliisukuma kidogo tu, ikakubali kugeuka pamoja nasi. Nilianza kucheka peke yangu. Nasema kweli, nilifurahi hata nikasahau ninakokwenda.

Tulipoingia uani nilikumbuka. Wakwe wote walikuwa wamesimama, wajomba na mashangazi wa mume wangu, na magoti yangu yako wazi mbele yao. Sikuweza kukivuta kitenge. Mikono yote miwili ilikuwa imeshika keki. Kicheko kimoja kilisikika, kikakatika. Uso ulinichoma kwa aibu.

Mama mkwe akashuka barazani. Alikuja polepole, huku akifungua kitenge chake cha juu. Akanitandikia magotini. Akakichomeka pembeni, kulia, kisha kushoto, akakinyoosha kwa kiganja mpaka nikasitirika kabisa.

"Bon," alisema. "Sasa unipe."

Ndipo akaitazama keki.