Punda amepumzika

"Mama, unatwangia punda chakula na wageni wanakuja?" Hivyo ndivyo aliniambia kijana wangu, karani wa Lodwar, amesimama mlangoni na kalamu mfukoni.

Nikamwambia huyu punda ameisha meno. Matunda ya mgunga nisipotwanga na kulowesha, anameza mzima na tumbo inafunga. Mzigo nilishamtolea mgongoni.

"Basi tumchinje. Wakwe zangu ni watu wa Kitale, watajua aje?"

Sisi Waturkana punda tunakula, sikatai. Wao hawali. Nikamwambia, "Chinja. Lakini nyama nagawa mimi, na mimi mgeni simdanganyi."

Akanuna, akaenda akachinja mbuzi.

Sasa nyumba zetu za Kakuma ni za miti, maneno inapita. Mama mkwe wake alikuwa amefika mapema, amejilaza upande wa pili. Ile ya kuchinja punda alisikia, ya mbuzi hakusikia. Tukiwa tunakula akaniuliza polepole, "Mama, na yule punda mzee yuko wapi?"

Nikajibu ukweli: "Amepumzika." Alikuwa amelala kwa kivuli huko lagani, kwa mto uliokauka.

Yule mama akaweka mfupa chini, akafuta vidole na kanga, kimoja kimoja. Jioni walirudi kwao na msichana wao, bibi ya kijana wangu.

Kijana anasema ukweli yangu imemvunjia nyumba. Sasa wewe jirani, unapanda gari ya Kitale kesho. Pitia kwao, uwaambie ile ilikuwa mbuzi. Wakikataa kuamini, punda mwenyewe yuko, waje wamsalimie.