Nilivyomfundisha mtahiniwa kitabu ambacho mimi mwenyewe sikuwahi kufika mwisho wake

Wakuu, hamjambo.

Haya yalinikuta mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Anayebisha avuke feri aje Likoni, nimwoneshe chumba ninachoandikia.

Kwanza mnijue. Shule niliacha darasa la saba, lakini kusoma sikuacha. Nasoma chochote: gazeti lililofungiwa maandazi, maelezo ya sumu ya panya, matangazo ya mazishi ya watu nisiowajua. Kinachonishinda ni kukaa mahali pamoja.

Asubuhi hiyo niliamka Port Reitz, jirani na uwanja wa ndege, kwa binamu yangu, nikaona nimechoka kutazama ndege zikienda mahali na mimi nimekaa tu. Nikatia nguo mbili na kitabu kwenye mfuko.

"Waenda wapi?" binamu akauliza.

Nikamwambia nitajua nikifika. Akaendelea kupiga mswaki.

Sasa hicho kitabu. Ni riwaya ya zamani, ya wale wanaofanya mtihani, jina nalihifadhi. Nilikinunua kwa muuza vitabu vikuukuu, kurasa za mwisho zimenyofolewa. Changu kinaishia pale mjane anaponyoosha mkono kugonga mlango wa Bwana Rajabu, tajiri wa kijiji.

Basi. Hakuna zaidi.

Miezi miwili nauliza watu mlango ulifunguliwa au la, hakuna ajuaye. Nilikisoma mara tano, kana kwamba safari ya sita mlango utafunguka wenyewe.

Kwenye feri, kando yangu, nikamwona dada wa buibui, miaka thelathini na kitu, ameshika kitabu kilekile. Kizima, hadi jalada la nyuma.

Moyo ulinidunda kama nimeona mchumba.

Nikamsalimu, nikamwambia hicho nimekisoma mara tano. Hapo sikudanganya. Ila sikusema nimeishia wapi.

"Basi Mungu amekuleta," akasema. "Kesho asubuhi nina paper ya fasihi."

Jina lake Zuhura. Ni msaidizi kwenye chekechea moja upande wa Shelly Beach, na chuo cha walimu kimemwambia bila C ya Kiswahili asijisumbue. Mara ya kwanza alifanya kama private candidate, bila shule, akapata D.

"Mimi mzaliwa wa Likoni, babu wa babu yangu wa Likoni, nipate D ya Kiswahili," akasema. "Wifi zangu waniita Bi D. Na aliyenisahihisha wallahi ni mtu wa bara."

Tukapatana. Nimfundishe sifa za wahusika na maudhui, halafu aniachie kitabu nikitazame "kidogo".

Kwao tulimkuta mamake, Bi Rukia, barazani anamenya muhogo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama kuanzia ndala kwenda juu.

"Huyu mwalimu wa shule gani?"

"Wa feri," Zuhura akajibu.

Nikaomba nione anavyojibu. Swali lilitaka sifa nne za Bwana Rajabu. Zuhura alikuwa ameandika kurasa tatu: Rajabu aliamka, akampelekea mjane unga, akarudi, akanywa kahawa. Pembeni mwalimu wake wa jioni ameandika kwa wino mwekundu: UNASIMULIA.

Nikajaribu kumweleza tofauti, nikashindwa. Mimi mwenyewe sijawahi kuulizwa sifa ya mtu na karatasi.

Bahati nzuri jirani mmoja akapita, na Bi Rukia alipomaliza kumchekea akainama kwetu.

"Yule mchoyo yule. Juzi nimemwomba kitunguu kimoja, akanambia viko chini ya kitanda na mgongo wamuuma."

Wakuu, niliruka. Hiyo ndiyo! Sifa kwanza: mchoyo. Ushahidi baadaye: kitunguu na mgongo. Hakusimulia jirani aliamka saa ngapi.

"Dada Zuhura," nikamwambia, "huku ni kuteta tu, kusengenya. Mtete Rajabu kama mamako anavyomteta jirani."

"Mimi simteti mtu," Bi Rukia akasema. "Nasema yaliyopo."

Kuanzia hapo mambo yakaenda. Rajabu ni karimu: alimpa mjane unga. Ana huruma: alinunua sanda ya mumewe. Mshauri mwema: alimwambia karatasi za shamba azilete kwake zisiliwe na mchwa. Mimi Rajabu nilimpenda sana, kwa hiyo nilihubiri hadi povu. Zuhura akawa anafuta ya zamani na kuandika yangu.

Baada ya alasiri akaingia kupika muhogo, akaniachia kitabu.

Nikaenda moja kwa moja mwisho.

Mlango ulifunguliwa. Rajabu alisimama hapo na hati ya shamba la mjane mkononi, ameshaandika jina lake mwenyewe. Unga, sanda, mchwa, yote ilikuwa njia ya kuifikia hiyo hati.

 Nimemfundisha mtu siku moja kabla ya mtihani kwamba mwizi ni mtakatifu. Mfuko wangu ulikuwa karibu na ngazi ya baraza, na njia ya feri naijua. Ningeondoka, hakuna ambaye angenikumbuka hadi matokeo yatoke.

Lakini nikakumbuka Bi D.

Zuhura alipotoka na sahani nikamweleza yote, hadi zile kurasa zilizonyofolewa. Akaketi polepole.

"Mimi mwisho wa ukurasa wa tatu, usikofika, nilikuwa nimeandika ni mnafiki," akasema. "Nimefuta."

"Wewe mwisho ulikuwa waujua?"

"Naujua. Lakini ulivyokuwa ukisema, kama mwalimu wa redio, nikadhani kuna maana ya ndani mimi sikuiona."

Nikatamani baraza linimeze. Bi Rukia yeye hakuacha kula.

"Hebu soma ulichoandika," akamwambia binti yake. Zuhura akasoma: unga, sanda, mchwa.

"Sasa wafuta nini? Mtu akupe unga huku macho yake yako kwenye shamba lako, huo si ndio unafiki wenyewe? Ushahidi uache hapohapo. Badilisha sifa."

Zuhura akachukua kalamu. Kila wema nilioupamba mchana mzima ukawa ushahidi wa unafiki, na ulikaa vizuri kuliko nilivyouweka mimi.

Nikasimama kuaga.

"Kaa," Bi Rukia akasema. "Nawe tukufanyie. Mzururaji: ametoka Port Reitz hajui aendako. Mwongo kidogo: amefundisha kitabu nusu. Mkweli: hakuna aliyemuuliza, amesema mwenyewe."

"Mama, mwongo na mkweli pamoja?" Zuhura akauliza.

"Watu ndivyo walivyo. Mpe chumba cha uani. Akae mpaka matokeo yatoke. Ukifeli tujue pa kumpata."

Ndivyo nilivyopata makao. Kitanda cha kamba, dirisha moja, na kwa mara ya kwanza maishani kulala mahali nikiwa kama dhamana.

Swali la Rajabu halikutoka kwenye mtihani. Lilitoka la mjane, na Zuhura akamteta vizuri kabisa. Matokeo yalipokuja ilikuwa C+. Wifi zake sasa hawajui wamwite nani, na mimi hakuna aliyeniambia niondoke.

Nilichojifunza: usimpe mtu sifa kabla hujafika ukurasa wa mwisho, na mtu akisema kwa kujiamini kuliko wewe, usifute kwanza, muulize ameishia wapi.

Waliosoma hadi sekondari, nisahihisheni. Na wewe unayesoma, mtete jirani yako mmoja hapa chini, jina usimtaje. Sifa kwanza, ushahidi baadaye. Ukisimulia, Bi Rukia ana wino mwekundu.